Kwenda Kukatwa Nikiwa Mzima

Nimeshaulizwa na kila mtu, na kila mtu nimempa kipande. Walimu wenzangu wa skuli niliwasimulia habari za boti. Watu wa barazani niliwasimulia habari za Dar. Waliokuja nyumbani kunijulia hali wakamkuta mama kakaa pembeni yangu, hao waliondoka na chai tu. Sasa naiandika yote mara moja, atakayeuliza tena nimpe asome. Mambo ya tiketi, barua za rufaa na foleni za madirishani nayaruka, maana hakuna aliyeniuliza hayo. Mlichouliza nyote, kila mmoja kwa namna yake, ni kimoja: mtu anayetembea, anayesomesha, anayecheza bao mpaka magharibi, kwa nini aende akakatwe tumbo?

Mnajua nina sukari tangu chuo kikuu. Mnajua baba alikuwa nayo, na alikwendaje. Msichokijua ni kwamba vidonge vilikwisha kunishinda, sindano nazo zikaanza kunishinda, na daktari wa macho aliniambia ameona vitone vya damu nyuma ya jicho langu. Hapo ndipo nilipopelekwa kwa daktari mpasuaji wa Dar, mtu mpole, nikamuuliza maswali mpaka akavua miwani.

"Tumbo langu lina kosa gani?"

"Halina kosa."

"Basi unalikata kwa nini?"

Akanieleza kwamba wanatenga sehemu ndogo tu ya tumbo, kisha wanauunganisha utumbo kwa njia ya mkato, chakula kikaruka kipande cha mwanzo. Utumbo ukipokea chakula namna hiyo hubadilisha amri zake kwa mwili, na sukari huanza kushuka hata kabla mtu hajapungua kilo. Zamani wakifanyiwa wanene wa kupindukia peke yao. Siku hizi hufanyiwa hata watu wa kiasi changu, ikiwa dawa zimeshindwa.

"Na baada ya miaka mingi?"

"Kwa wengine sukari hurudi. Kwa watu wa kiasi chako, wangapi na lini, sijui."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikubali, kwa sababu nilimwona mtu asiyenidanganya. Na ndilo lililoniondolea raha tangu siku ile.

Tumbe mpaka Mkoani

Mama alisema atakwenda na mimi, na Bi Riziki akisema jambo mnamjua. Kosa langu lilikuwa kuwaacha watu wajue siku ya kuondoka. Tangu alfajiri uwanja ulijaa. Wote walikuja kutakana radhi.

"Faki, nisamehe," aliniambia Bi Chumu, jirani yetu, kanishika mikono miwili. "Kama kuna siku n'likusema."

"Ulinisema nini?"

"Si hivyo, mwanangu. Weye sema umesamehe."

"Lakini nitasameheje kitu nisichokijua?"

Mama akanifinya. "Sema umesamehe!"

Nikasema. Nikasema kwa Bi Chumu, kwa wanawe, kwa imamu, kwa mtu mmoja kutoka Wingwi ambaye nilikuwa sijapata kumwona. Kwetu mtu akienda Makka huagwa hivyo, na akiwa yumo kufa pia huagwa hivyo. Mimi Makka siendi. Kila mkono ulioniachia uliniacha na baridi zaidi.

Tulikwenda Mkoani kwa pikapu ya Shaame, mtoto wa mjomba, anayechukua samaki Tumbe na kuwapeleka bandarini. Mama na mimi tulikaa mbele pamoja naye, nyuma majaba ya dagaa na barafu.

"Nikuulize, usikasirike," alisema Shaame tulipoiacha Wete. "Huu ndio unene wa kukatwa? Mbona gari halikusikii? Miye wapo wanaopanda humu springi zikalia Lailaha illa Llahu."

"Si unene. Ni sukari."

"Sukari iko tumboni?"

"Iko kwenye damu."

"Basi wakate damu!"

Mama alicheka, na nilifurahi kumsikia anacheka. Mapajani alikuwa na mkoba wake, na ndani yake vikapu viwili vya ukindu vya halua ya Wete, maana kwenda kwa watu mikono mitupu hawezi. Chini ya halua niliona bahasha. Nikaivuta. Ilikuwa karatasi nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, mwandiko wa shehe wa Wingwi anayeandika makombe.

Kwa mgeni atakayeyasoma haya: kombe ni maandishi kama hayo, huoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa.

"Mama, zafarani itazuia damu?"

"Weye cheka," alisema, akainyakua. "Hii itakaa humu humu. Haikuombi kula."

Mkoani

Boti haikuja. Upepo, walisema. Kisha wakasema si upepo, ni injini. Kisha mtu wa geti akasema yeye hakusema injini.

Siku zile za mwisho daktari alikuwa ameninyima chakula kigumu, ili ini lipungue na kuwapisha na vyombo vyao. Nilikuwa nikinywa supu iliyochujwa, maziwa na uji mwepesi. Dawa nazo alikuwa amezipunguza, lakini zile zilizobaki nilizinywa asubuhi kwa hesabu ya boti inayoondoka kwa wakati wake, kana kwamba sikuzaliwa Pemba. Chupa yangu ya supu ilikwisha. Jua likapanda. Nikaanza kutoka jasho lisilo la joto, mikono ikatetemeka, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali, kama watu wanaozungumza ndani ya mtungi.

Nilijua ni nini. Sukari ilikuwa imeshuka. Nilitaka kusema hivyo lakini ulimi haukunifuata, na nilichokitoa mdomoni kilikuwa mngurumo.

"Huyu kapandwa!" alisema mwanamme mmoja mrefu aliyekuwa akisafirisha kuku kwenda harusini. Akawaweka kuku chini. "Wallahi kapandwa na jini. Mshikeni mabega mawili. Nani ana sauti nzuri? Mwadhinieni sikioni."

Mtu akaniadhinia. Sauti yake kweli ilikuwa nzuri. Nakumbuka nilifikiri kwamba nitakufa hapa hapa Mkoani, kabla hata ya kufika kwenye kisu, na wote waliokuja kunitaka radhi watasema walijua.

Mama hakupiga kelele. Aliukata ukindu wa kikapu cha halua kwa meno, akamega bonge, akaniingiza mdomoni kwa vidole vyake.

"Kula."

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimekatazwa.

"Kula kwanza, utabisha baadaye."

Baada ya muda watu wakarudi karibu na sauti zao. Yule mwanamme wa kuku alikuwa amechutama mbele yangu, ananitazama kwa hamu.

"Umeona?" aliwaambia wenzake. "Kapewa halua katulia. Huyo jini wa Kiarabu. Wa kwetu angelitaka muhogo."

Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nikiitazama mikono ya mama. Haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa mikono iliyokwisha kufanya kazi ile mara nyingi, nyumbani kwetu, kwa mtu mwengine.

Unguja, kwa shangazi

Boti ilikuja mwisho, lakini tulifika Unguja tumechelewa mno, tukalala Jang'ombe kwa shangazi, Bi Siti, dada yake baba. Alikuwa amepika. Sinia la pilau, kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, na katikati bakuli la pweza wa nazi, kwa sababu alikumbuka nikimpenda nilipokuwa mdogo.

"Shangazi, mimi nakunywa supu tu."

"Supu utakunywa baada ya kula."

"Siwezi kula. Daktari kakataza."

"Daktari yuko hapa?"

Nikamweleza habari ya ini. Alinisikiliza vizuri, akitikisa kichwa, kisha akaniwekea paja la kuku. Nikalirudisha. Akaliweka tena. Mwisho akaondoka, nikamsikia huko jikoni analia.

"Ndivyo alivyoanza kaka yangu," alikuwa akimwambia mama. "Anakunywa supu tu. Siku ya tatu hata supu akaikataa. Usinifiche, Riziki. Mnampeleka Dar wakamtazame au mumeshaambiwa?"

Mama aliapa kwamba sikuwa nakufa. Haikufaa kitu. Asubuhi, kabla sijanawa uso, jirani wa kwanza alikuwa mlangoni kaja kunitaka radhi, na nyuma yake wa pili na wa tatu, watu wa Jang'ombe ambao sijawakosea na hawajanikosea. Mmoja alinishika kifundo cha mguu, akasema, "Bado una joto, alhamdulillahi."

Kitu pekee kilichomrudisha shangazi duniani ni kile kikapu cha halua kilichokatwa kwa meno.

"Na hii nani kaila?"

"Faki," alisema mama.

"Mgonjwa wa sukari! Pilau langu haramu, halua yangu halali!"

Tuliagana naye akiwa kanikasirikia, na huo ulikuwa muago bora kuliko yote niliyoipata.

Dar es Salaam, wodini

Hospitali siitaji jina. Ni kubwa, ina lifti, na harufu yake ni ya dawa ya kusafishia na wali. Mama alipata mahali pa kulala kwa mtu wa Tumbe aliyehamia huko jirani, na akawa anaingia wodini tangu mlango unapofunguliwa.

Kitanda cha pembeni yangu alilala Mzee Massawe, mfanyabiashara wa malori kutoka Moshi, mtu mkubwa kweli kweli. Shuka halikumfunika pande zote kwa pamoja, ilibidi achague.

"Kijana, umekuja kumwangalia nani?"

"Nimekuja kukatwa."

"Kukatwa nini? Kucha?"

Nilimwambia. Akainuka kwa kiwiko, akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa.

"Hapana, bwana mdogo. Mimi sawa. Mimi nikifunga kiatu naona nyota. Wewe unaogopa nini?"

"Sukari. Ilimuua baba."

"Ilimuua vipi?"

Nikamweleza. Kidole cha mguu kwanza. Kisha mguu mpaka chini ya goti. Kisha mpaka juu ya goti. Kisha figo. Mzee Massawe akalala chali.

"Basi uko sawa," alisema. "Ogopa tu."

Kesho yake alichukuliwa yeye kwanza. Alinipungia mkono akiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Nilisubiri arudi. Chakula cha mchana kikaja kwa wanaokula, kikaondoka. Alasiri akaja mtu, akavua mashuka ya kitanda chake, akakunja godoro, akapangusa chuma kwa dawa.

"Sista," nilimwita muuguzi. "Mzee Massawe yuko wapi?"

"Amehamishwa," akasema, na akaenda.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimefukuzwa darasa la chuo kwa kuuliza. Lakini sikumfuata yule muuguzi kumuuliza amehamishwa wapi, kwa sababu niliona kwamba nikiuliza nitajibiwa. Nikageukia ukutani. Niliwaza: kama mtu mwenye sababu kubwa kuliko yangu kavuliwa mashuka, mimi nisiye na sababu inayoonekana nitakuwaje? Usingizi haukunijia.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Mama aliingia alfajiri, mlango ulipofunguliwa tu. Nilikuwa nimeshaoga kwa dawa waliyonipa, nimevaa gauni lao linalofungwa nyuma. Alinitazama usoni mara moja tu. Alifungua mkoba, akatoa kikombe chenye mfuniko, akakifunua. Maji yalikuwa ya manjano iliyokoza, na yalinukia waridi na asali.

Sikucheka. Nilikichukua kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini, nikalamba na ukingo.

Muuguzi alikuja na maswali yake. Una meno ya bandia? Una aleji? Umekula chochote tangu jana jioni? La. Umekunywa chochote?

"La," nilisema.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu watu wa barazani mlipolisikia hili mlicheka na kusema Faki alificha. Sikuficha. Neno "kunywa" aliposema, nilifikiri maji, chai, supu. Kile cha mama hakikuwa katika hesabu hiyo. Mama alikuwa amesimama palepale, mtu asiyesema uongo hata wa kumridhisha mtoto, na yeye pia alitikisa kichwa: la, hajanywa kitu.

Nilisukumwa mpaka mlangoni. Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Tanga kwa lafudhi yake, kajitanda mtandio chini ya kofia ya kijani. Akaniambia nifungue mdomo aone koo.

Akakunja uso. Akavuta kope langu chini, akatazama weupe wa jicho.

"Ulimi wako una nini?"

"Una nini?"

"Ni wa manjano. Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Toa tena." Akaupangusa kwa pamba, akainusa pamba. Uso wake ukabadilika. "Nani yuko na wewe?"

Mama akaitwa. Alikuja mbio, kanga mkononi, akidhani nimeshakufa.

"Bi mkubwa, umempa nini huyu?"

"Sijampa kitu. Kombe tu."

"Lini?"

"Sasa hivi. Lakini hilo si kinywaji, mwanangu. Hiyo ni dua."

Daktari hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mama.

"Nikuulize, bi mkubwa. Mchana wa Ramadhani, mtu kafunga, ukampa kombe akanywa. Kafungua, hajafungua?"

Mama alifikiri. Nilimwona anafikiri, maana jambo hilo analijua tangu chuo cha Kurani. Kanga ikamwanguka.

"Kafungua," alisema.

"Ndiyo hivyo. Na tumbo la mwenye sukari huchelewa kumwaga. Ningemlaza, yale maji yangempanda, yakaingia mapafuni. Angezama juu ya meza, na mimi nimesimama kichwani kwake."

Nikarudishwa nilikotoka, dari linapita juu yangu taa baada ya taa. Hawakuwa na nafasi nyengine mpaka siku ya pili yake.

Siku iliyozidi

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ukisukumwa mlangoni ukaingia, umeingia. Ukirudishwa, unapewa nafasi ya kukimbia.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakunitazama.

"N'likuwa nikuue," alisema.

"Hukujua. Na mimi nilikunywa mwenyewe."

"Vaa nguo, twende zetu. Hii ishara."

Na mimi, ambaye ishara nimezibishia maisha yangu yote, niliitaka ile. Niliitaka kwa moyo wangu wote. Nilishaweka mguu mmoja chini, naitafuta ndara. Kisha tabia yangu ikanirudia.

"Ishara ya nini, mama? Ya kwamba nisikatwe, au ya kwamba kuna aliyenitazama ulimi nisife?"

"Miye sijui. Usinifanyie darasa."

"Na mimi sijui."

Kisha akasema jambo ambalo hajapata kulisema mbele yangu tangu tuzike.

"Baba yako walipomkata kidole walituambia, huku ndiko kupona. Walipomkata mguu wakatuambia, sasa ndiyo basi. Wakamkata tena. Kila siku wakikata, kila siku wakiniambia habari njema. Leo weye waniambia ukatwe na huumwi pahala. Nifahamu vipi, Faki? Nipe neno moja nifahamu."

Nilikuwa na maneno mengi, ya daktari na ya kusoma. Niliyatafuta, yote yakawa makavu.

"Baba alikatwa kilichokufa," nilisema mwisho. "Mimi nakatwa kizima, nisije nikafika huko. Na pengine nitafika vilevile. Hilo ndilo lililopo."

"Hayo maneno ya kutisha."

"Yananitisha na mimi."

Mama alitazama mguu wangu uliokuwa chini. Akainama, akaushika kisigino, akaurudisha kitandani, akaufunika shuka. Hakusema twende, wala hakusema tubaki.

Kuamka

Asubuhi ya pili alikuja mikono mitupu. Alinisomea, akanipulizia kifuani, basi. Muuguzi alipoanza maswali yake mama alijibu kabla yangu: "Hajanywa kitu, hata kombe. Na miye pia sijanywa, nimefunga, n'tafunga mpaka aruhusiwe."

Daktari wa usingizi aliutazama ulimi wangu kwa tochi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanifunika pua na mdomo kwa barakoa ya usingizi. Nilijaribu kuhesabu. Sikufika mbali.

Nilirudi kwa kiu. Si maumivu, ingawa yalikuwepo, matundu madogo yakichoma tumboni kama makaa. Kiu. Wakanipa kijiko cha maji, nikakitazama kile kijiko kama mtu anayetazama kisima. Nikapata homa usiku ule, moyo ukaenda mbio, daktari akaja mara mbili kunibonyeza tumbo, na niliona wanaongea kwa macho. Baadaye niliambiwa walihofia kiungo cha utumbo kinavuja. Hakikuwa kinavuja. Lakini mpaka waliponiambia hivyo nilikuwa nimeshawasamehe watu wote wa Tumbe, wanaojulikana na wasiojulikana.

Homa iliposhuka nikasikia magurudumu. Mzee Massawe alikuwa akipita mbele ya mlango wangu, anasukuma chuma cha dripu, gauni limemwachia mgongo wazi.

"Upo?" aliniuliza.

"Nilidhani umekufa. Walivua mashuka."

"Nilihamishiwa chumba cha uangalizi, presha. Wewe mbona bado mnene?"

Nilicheka, na kicheko kikanikata tumbo kuliko kisu.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alinichoma kidole kupima sukari. Akatazama, akaniandikia, akaondoka. Nikamwita.

"Imesomaje?"

Akaniambia. Ilikuwa namba ambayo sijapata kuiona tangu chuo, na sindano ya sukari nilikuwa sijachomwa tangu jana yake.

"Hapana," nilisema. "Pima tena."

Akapima kidole chengine. Karibu ileile.

"Hicho kipimo kizima, sista? Pengine kinasoma chini kwa kila mtu."

"Kaka, wewe ukoje? Wenzako wakipewa habari hii wanalia."

"Pima mtu mwengine tuone."

Alichoka na mimi. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, hajala tangu daku, na alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu pikapu ya Shaame. "Nipime miye, mwanangu," alisema, "apate kutulia. Kuchomwa hakufunguzi." Akatoa mkono.

Muuguzi alimchoma. Akasubiri. Kisha akakigeuza kipimo upande ambao sisi hatukioni, akatoa kijikaratasi kipya, akamchoma tena kidole kile kile.

"Bi mkubwa, umewahi kupimwa?"

"Miye? Miye nimekonda hivi?"

Namba ya mama ilikuwa juu ya yangu. Ilikuwa juu ya zangu hata za siku mbaya.

"Kimekosea," alisema mama kwa upole. "Faki alikwisha sema hakifai hicho."

Hakuna ubishi wangu wowote niliopata kuujutia kama ule.

Kurudi

Mpasuaji alinipa ruhusa na maneno machache: nisiseme nimepona, niseme imelala. Nitakula kidogo kidogo, nitakunywa vitamini maisha yangu yote, nitapimwa kila wakati, na ikiamka nirudi. Kuhusu mama alisema aanzie hospitali ya nyumbani, kwa dawa. Kisu hakimhusu, yeye hana unene wa aina yoyote, na sukari yake pengine si ndugu wa yangu.

Ndani ya boti bahari ilikuwa shwari. Nilikuwa na chupa ya supu na mto mdogo wa kukumbatia nikikohoa. Mama alikaa dirishani, na tulipoacha taa za Dar nyuma akaniuliza, bila kugeuka:

"Ilianzaje kwa baba yako? Weye ulikuwa mdogo, lakini umesoma. Kiu?"

"Kiu, na kwenda chooni."

"Miye nina kiu tangu mwaka juzi. N'lidhani ni uzee."

Nikamsogezea chupa yangu ya supu.

"Nami n'tafika alikofika?"

Mnanijua. Hakuna swali linalonipita bila kulirudishia swali. Hilo liliingia likakaa tumboni, mahali palipobaki padogo.

"Sijui, mama."

"Yule daktari wako naye hakujua, ukamkubali," alisema. "Haya."

Alinikataza kusema kwa mtu. Ndiyo maana waliokuja nyumbani walipata chai tu. Jana kaniambia, andika, lakini andika na kwamba halua ilikuwa ya shangazi yako, mtu asidhani naichukua kuila miye.

Tulipofika nyumbani nilimpa siku ya kupumzika, na iliyofuata tukaenda hospitali Wete. Tulikaa kwenye benchi la kiliniki ya sukari, lile lile alilokuwa akikaa na baba, mimi nimeshika tumbo, yeye kashika mkoba. Nilikuwa naogopa namba yangu. Ya mama niliiogopa zaidi. Muuguzi akatoka, anatufahamu, akatutazama mmoja baada ya mwengine.

"Mgonjwa nani hapa?" aliuliza.

Mama alikuwa ameshanyoosha kidole chake kichomwe.